Usonji na panya wa maabara: utafiti unakwambia nini wewe mama

Pengine umesikia redioni, au umetumiwa kwenye WhatsApp, kwamba wanasayansi "wamewaponya panya usonji". Kama una mtoto asiyeongea au asiyekutazama usoni, habari kama hiyo inakugusa moja kwa moja. Ukurasa huu unaeleza panya hao ni wa nini, wamewafundisha watafiti mambo gani, na kwa nini habari njema ya panya mara nyingi huishia kwa panya. Mwishoni kuna mambo unayoweza kuyafanya sasa, huku kwetu Usambara, bila kusubiri maabara.

Kwa kifupi

- Hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya usonji kwa mtoto. Anayekuuzia dawa hiyo anakudanganya.
- Panya huwasaidia watafiti kuona jinsi ubongo unavyojengwa na unavyoharibika, jambo lisiloweza kujaribiwa kwa mtoto.
- Baadhi ya mafunzo ya panya yanamhusu mjamzito leo: dawa fulani ya kifafa, na malaria.
- Malaria kali inaweza kuacha madhara kwenye ubongo. Degedege ni dharura ya hospitali.
- Chanjo hazisababishi usonji.

Usonji ni nini?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Mtoto hupata ugumu katika kuwasiliana na kuhusiana na watu, na mara nyingi hurudia vitendo vilevile: kupepea mikono, kupanga vitu mstari mmoja, kukataa mabadiliko madogo ya ratiba. Wengine huongea vizuri, wengine hawaongei kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Usonji hautokani na laana, wala na mama kutompenda mtoto. Kwa watoto wengi unatokana na mchanganyiko wa jeni nyingi, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi au yanayobadilika mimba inapotungwa, pamoja na mambo yanayotokea wakati wa ujauzito. Ndiyo maana hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuutambua.

Kwa nini panya?

Hapa Lushoto panya hana sifa nzuri. Tangu mwaka 1980 wilaya yetu ilipata milipuko ya tauni mara kwa mara, ugonjwa unaosambazwa na viroboto wa panya, na maelfu ya watu waliugua. Kwa hiyo nikisema panya anasaidia kuelewa watoto wetu, wapo wanaokunja uso.

Panya wa maabara si wale wa shambani wala wa darini. Huzaliwa na kufugwa ndani, katika vizimba safi, na watafiti wanajua ukoo wao kizazi baada ya kizazi. Wanachaguliwa kwa sababu hizi:

- Jeni nyingi za binadamu zina jeni inayofanana nazo kwa panya.
- Mimba ya panya mdogo huchukua takriban wiki 3 tu, na watoto huachishwa kunyonya wakiwa na wiki 3 hivi. Mtafiti anaweza kufuatilia maisha yote ya panya, kuanzia mimba hadi utu uzima, ndani ya miezi michache.
- Watafiti wanaweza kubadilisha jeni moja tu na kuacha nyingine zote kama zilivyo, kisha waone kinachotokea.
- Wanaweza kuutazama ubongo wenyewe, seli kwa seli. Kwa mtoto aliye hai jambo hilo haliwezekani.

Wanyama hawa nao huhisi maumivu. Nchi nyingi zina kamati zinazopaswa kuidhinisha utafiti kabla haujaanza. Kamati hizo huuliza kama kuna njia nyingine, kama idadi ya wanyama inaweza kupunguzwa, na kama mateso yanaweza kupunguzwa.

Panya anawezaje kuonyesha usonji?

Kusema kweli, hawezi. Hakuna panya mwenye usonji kama alionao mtoto, kwa sababu panya hana lugha. Anachoweza kuonyesha ni tabia zinazofanana na baadhi ya dalili. Vipimo vitatu hutumika sana:

*Kupenda wenzake.* Panya huwekwa kwenye boksi lenye vyumba vitatu. Upande mmoja kuna panya mwenzake ndani ya kizimba kidogo, upande wa pili kuna kizimba kitupu. Panya wa kawaida hukaa zaidi upande wa mwenzake. Baadhi ya panya waliobadilishwa jeni hawajali.

*Kulia kwa mama.* Kitoto cha panya kikitengwa na mama yake hulia kwa sauti nyembamba sana ambayo sikio la binadamu haliisikii. Watafiti huirekodi kwa mashine na kuhesabu kilio.

*Kurudia vitendo.* Panya hujisafisha manyoya kila siku. Wengine waliobadilishwa jeni hujisafisha bila kuacha, hadi kujitoa vidonda.

Kwa hiyo ukisoma kwamba "panya mwenye usonji amepona", maana yake huenda ni kwamba alikaa muda mrefu zaidi karibu na mwenzake kwenye boksi. Ni hatua kwa mtafiti, lakini bado iko mbali sana na mtoto kukuita "mama".

Panya wametufundisha nini hadi sasa?

*Ubongo unaweza kubadilika kuliko tulivyodhani.* Ugonjwa wa Rett huwapata zaidi wasichana. Mtoto hukua vizuri miezi ya mwanzo, kisha hupoteza maneno na matumizi ya mikono. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi huko Houston, Marekani, ilitambua jeni inayohusika, iitwayo MECP2. Mwaka 2007 Adrian Bird na wenzake wa Edinburgh, Uskoti, waliirudisha jeni hiyo kwa panya waliokwisha kuugua, na panya wakapata nafuu kubwa. Hadi hapo wengi waliamini kwamba ubongo ulioharibika hivyo haurudi.

Mwaka 2009 panya wenye Rett waliopewa kipande kidogo cha protini ya ukuaji nao walipata nafuu. Miaka 14 baadaye, Machi 2023, dawa iliyotokana na kipande hicho, trofinetidi, iliruhusiwa Marekani kwa wagonjwa wa Rett wenye miaka 2 na kuendelea. Hupunguza baadhi ya dalili tu, haiponyi, na huharisha sana. Hiyo ndiyo safari ndefu iliyofanikiwa, tena kwa ugonjwa mmoja wenye jeni moja inayojulikana.

*Muda una maana.* Watoto wachache wenye usonji wana hitilafu kwenye jeni iitwayo SHANK3, inayosaidia seli za ubongo kuungana. Mwaka 2011 Guoping Feng na wenzake nchini Marekani walieleza panya wenye hitilafu hiyo: walijisafisha hadi kujiumiza na walikwepa wenzao. Mwaka 2016 waliiwasha jeni hiyo kwa panya waliokwisha kukua. Kujisafisha kulipungua na panya wakakaribia wenzao, lakini woga na ugumu wa mwendo vilibaki. Panya waliorekebishwa mapema maishani walipata nafuu katika mambo mengi zaidi.

*Dawa moja ya kifafa ina hatari kwa mimba.* Mwaka 1996 Patricia Rodier na wenzake walionyesha kwamba panya wajawazito waliopewa valproeti walizaa watoto wenye upungufu wa seli kwenye shina la ubongo. Baadaye nchini Denmark walifuatiliwa zaidi ya watoto 655,000 waliozaliwa kati ya 1996 na 2006. Kati ya waliokuwa tumboni mama akitumia valproeti, takriban 4 kwa kila 100 walipatikana na usonji wa aina mbalimbali. Kwa watoto wote kwa jumla ilikuwa 1 au 2 kwa kila 100. Hapa panya na binadamu walikubaliana, na matokeo yalibadilisha ushauri wa dawa duniani.

Malaria kali, degedege na ubongo: kisa cha Tanzania

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walikidhi vigezo vya usonji. Watatu kati ya hao walikuwa wakikua vizuri hadi umri wa miezi 22, 35 na 42, kisha wakaugua malaria kali yenye homa kubwa ya muda mrefu na degedege. Walipopona malaria, dalili za usonji zikaanza. Kwa wanne wengine malaria na usonji vilikaribiana kwa wakati, ila huenda ilikuwa sadfa. Kwa saba waliobaki malaria haikuhusika.

Watoto watatu hawatoshi kuthibitisha kwamba malaria husababisha usonji. Dalili nyingi za usonji huonekana katika umri uleule ambao watoto huugua malaria, na mama hukumbuka tukio kubwa lililotangulia. Hata hivyo, kwamba malaria kali huumiza ubongo hakuna ubishi. Nchini Uganda, watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani walipimwa tena baada ya miaka 2, na takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kufikiri, kumbukumbu au umakini.

Mtafiti hawezi kumwambukiza mtoto malaria ili aone ubongo unavyoharibika. Hapo ndipo panya anapoingia, na historia yake ni ya jirani zetu. Mwaka 1948 Ignace Vincke na Marcel Lips walieleza vimelea vya malaria waliyovipata kwa panya wa msituni huko Katanga, Kongo. Vimelea hivyo haviwaambukizi binadamu, lakini ndivyo vinavyotumika hadi leo katika maabara nyingi duniani. Panya aliyeambukizwa aina kali yake hupata degedege, hupoteza fahamu na hufa ndani ya siku chache.

Kutokana na panya hao tumejifunza mambo haya:

- Si vimelea peke yake vinavyoumiza ubongo. Kinga ya mwili yenyewe, ikipigana kwa nguvu kupita kiasi, huharibu mishipa midogo ya damu ya ubongo.
- Kuua vimelea hakuondoi madhara yote. Mwaka 2010 watafiti wa Brazili waliwaokoa panya kwa dawa ya malaria, lakini baadhi walibaki na kasoro za kumbukumbu.
- Malaria ya mjamzito inaweza kumgusa mtoto asiyeambukizwa. Mwaka 2015 watafiti wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba watoto wa panya waliougua malaria wakiwa na mimba walikuwa na upungufu wa kumbukumbu, ingawa wao wenyewe hawakuwa na vimelea.

Sisi wa milimani tusijidanganye kwa baridi yetu. Mbu wa malaria ni wachache Irente kuliko Mombo au Korogwe, na kwa sababu hiyohiyo watoto wetu hawana kinga ya kutosha dhidi ya malaria. Utafiti wa mwaka 2005 katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba kwenye malaria nyingi, ugonjwa mkali huja zaidi kama upungufu wa damu. Pale malaria ilipo chache, ugonjwa mkali hushika zaidi ubongo. Mtoto akitoka likizo bondeni na homa, usingoje.

Mbona dawa ya panya haimfai mtoto?

Ubongo wa panya mdogo una uzito wa chini ya gramu moja. Wa mtu mzima unakaribia kilo moja na nusu. Sehemu za mbele za ubongo zinazobeba lugha na mahusiano ni ndogo mno kwa panya. Tena panya wa maabara ni kama ndugu wa tumbo moja, wanakula chakula kimoja na kuishi chumba kimoja. Watoto wetu hawafanani hivyo.

Mfano mmoja ni ugonjwa wa X dhaifu, unaorithiwa na unaoambatana na ulemavu wa akili na mara nyingi usonji. Panya wenye hitilafu hiyo walipatikana mwaka 1994. Dawa iitwayo mavogluranti iliwasaidia vizuri sana. Ilipojaribiwa kwa vijana na watu wazima, haikuonyesha faida zaidi ya vidonge visivyo na dawa, na mwaka 2014 utengenezaji wake kwa ugonjwa huo ulisitishwa.

Kwa malaria ya ubongo pia, dawa nyingi za nyongeza zilizookoa panya hazikuokoa watoto. Kilichobadilisha matibabu ni jaribio la watoto wenyewe 5,425 katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo waliolazwa Muheza na Korogwe, mkoani kwetu Tanga. Matokeo yalitoka mwaka 2010: sindano ya artesuneti ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na kwinini. Leo ndiyo sindano inayotumika kwa malaria kali.

Na chanjo?

Mwaka 2004 utafiti mmoja wa panya ulidai kwamba kihifadhi chenye zebaki kilichomo kwenye baadhi ya chanjo kiliwadhuru panya wa aina fulani. Habari ikasambaa. Mwaka 2008 watafiti wengine walirudia jaribio kwa panya haohao wengi zaidi na hawakuona madhara hayo. Mwaka 2019 Denmark ilitoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000: waliopata chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela hawakuwa na usonji zaidi ya wasiopata. Surua yenyewe inaweza kuharibu ubongo wa mtoto. Usiruke tarehe ya kliniki.

Ukisikia habari ya dawa mpya, jiulize

1. Ni panya au ni watu? Kama ni panya tu, bado ni miaka mingi, na huenda isifike.
2. Kama ni watu, walikuwa wangapi, na walilinganishwa na wasiopata dawa hiyo?
3. Ni kwa usonji wote, au kwa ugonjwa mmoja wenye jeni yake kama Rett?
4. Anayenieleza ndiye anayeuza?

Ukikosa majibu, njoo na simu yako kituoni tusome pamoja. Usiuze mbuzi kwa ajili ya chupa ya dawa kabla hujauliza.

Mambo ya kufanya sasa

*Ukiwa mjamzito au unapanga mimba*

- Kama unatumia dawa ya kifafa, angalia pakiti. Ukiona jina "sodium valproate", mwone daktari mapema, ikiwezekana kabla ya kubeba mimba, akubadilishie. Usiache dawa ghafla mwenyewe. Kifafa kikirudi kwa nguvu kinaweza kukuua wewe na mtoto.
- Lala ndani ya chandarua chenye dawa, meza SP kliniki kama utakavyopangiwa, na pima malaria kila upatapo homa.
- Meza vidonge vya madini chuma na folik asidi.

*Mtoto akipata homa na degedege*

- Mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.
- Mpeleke zahanati au hospitali mara moja. Wapo wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Kinachoua ni kuchelewa. Kama mnataka kufanya dua au mambo ya jadi, yafuate baada ya hospitali.
- Akishapona malaria kali, usiishie hapo. Ukiona anasahau, haongei kama zamani au amebadilika tabia, mrudishe apimwe.

*Dalili za kumleta mtoto mapema*

- Haitikii jina lake akiwa na mwaka mmoja.
- Haonyeshi kitu kwa kidole wala hapungi mkono akiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa.
- Hana neno hata moja akiwa na miezi 16, au haunganishi maneno mawili akiwa na miaka 2.
- Amepoteza maneno au tabia alizokuwa nazo, katika umri wowote.

Tutaanza kwa kupima masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia naye haitikii jina. Kisha tutakuelekeza hospitali ya wilaya, na ikibidi ya rufaa.

*Mtoto akishatambuliwa kuwa na usonji*

Kinachosaidia kwa sasa ni mafunzo na mazoezi ya kila siku: kuzungumza naye kwa maneno machache, kumfuata kwenye mchezo anaoupenda, kumwonyesha ratiba ya siku kwa picha au vitu, na kumpongeza kwa kila hatua. Hapa Irente tuna Shule ya Irente Rainbow, ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, inayofundisha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Usimfiche mtoto ndani. Kadiri anavyoanza mapema kufundishwa, ndivyo anavyopata nafasi zaidi ya kujifunza.

Njoo kliniki hata kama huna uhakika, na kadi yake ya kliniki mkononi. Mtoto akionekana yuko sawa, utarudi nyumbani umetulia. Akihitaji msaada, atakuwa ameshaanza kuupata.